Mabati, alumini au stenlesi? Kuchagua metali ya nyumba iliyo karibu na bahari Mombasa

Darasani mwalimu huandika orodha ubaoni: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, bati, risasi, shaba, fedha, dhahabu. Iliyo juu ina pupa ya kumenyuka, iliyo chini imetulia. Mwanafunzi akitoka hapo akapita Moi Avenue, anaziona pembe za ndovu za alumini zimesimama miaka nenda miaka rudi katika hewa ya chumvi. Akifika kwao Kisauni, grili ya chuma, metali iliyo chini ya alumini katika orodha ile ile, inamwaga vumbi jekundu kwenye kizingiti. Orodha haikudanganya. Ilijibu swali moja tu, nalo silo unalokwenda nalo hadiwea.

Orodha hupanga metali kwa wepesi wa kutoa elektroni, kana kwamba ziko tupu, hazina kitu juu yake. Alumini ya dukani haiko tupu. Ikikatwa tu, hewa huifunika kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache, ulioshikamana na metali na unaojiziba ukikwaruzwa. Chuma nacho hupata oksidi, lakini kutu yake ina matundu na huchukua nafasi mara mbili hadi mara sita ya chuma kilichoizaa. Inavimba, inabanduka, inaacha chuma kipya wazi, na mchezo unaanza upya.

Kwa hiyo unapochagua, uliza utando wa metali hiyo utagusana na nini: chumvi, asidi, besi (kinyume cha asidi, kama chokaa na saruji mbichi), au metali nyingine. Metali inayocheka mbele ya adui mmoja huyeyuka mbele ya mwingine.

Chumvi ya baharini si chumvi ya jikoni

Kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Kusi ikivuma, povu la mawimbi hupasuka, matone hurushwa hewani, yanakauka na kuacha chembe juu ya kila kitu. Chumvi ya mezani ikiwa peke yake haianzi kulowa mpaka unyevu wa hewa ufike asilimia 75. Ila chumvi ya bahari ina kloridi ya magnesiamu ndani yake, na hiyo huvuta maji hata unyevu ukiwa asilimia 33. Hewa ya Mombasa haikauki kiasi hicho. Ndiyo maana grili iliyopata chembe hizo haikauki sawasawa, hata saa nane mchana.

Maji hayo ya chumvi hufanya kazi mbili. Yanapitisha ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hivyo chuma kinamenyuka kama betri ndogo iliyounganishwa. Tena ayoni za kloridi hupenya na kuvunja ule utando, hasa mahali penye mkwaruzo au uchafu, na kuchimba vishimo. Kutu ya shamba huenea juu juu, kutu ya pwani huchimba.

Jambo moja watu hulisahau: sehemu inayonyeshewa hudumu kuliko sehemu iliyokingwa. Mvua ya masika huosha chumvi juu ya paa, lakini chini ya ukingo wa paa, nyuma ya gata na upande wa ndani wa geti chumvi hukaa mwaka mzima. Ukikagua nyumba ya kununua Nyali au Mtwapa, angalia huko, si juu.

Paa: zinki, aluzinki, au alumini tupu

Bati la kawaida la paa, tofauti na metali ya bati iliyo katika orodha, ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki iko juu ya chuma katika orodha, na hapa orodha inafanya kazi vizuri: bati likikwaruzwa, zinki iliyo pembeni hutoa elektroni kwanza na chuma kinasalimika. Zinki inajitoa mhanga, na mhanga una mwisho. Swali ni ipo kiasi gani.

Tafuta alama iliyopigwa kwenye bati au kwenye karatasi ya kiwanda. Z275 maana yake gramu 275 za zinki kwa mita mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Ukigawa, kila upande una mikromita 19 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Sasa linganisha na viwango vya ISO 9223, vinavyopanga hewa kwa ukali wake. Katika hewa ya daraja la C3, yenye ukali wa wastani, zinki hupoteza mikromita 0.7 hadi 2.1 kwa mwaka. Katika C5, daraja la pwani yenye chumvi nyingi, hupoteza 4.2 hadi 8.4. Fanya hesabu: bati la Z275 lisilo na rangi, mbali na mawimbi, linaweza kushika miaka 9 hadi 27 kabla zinki haijaisha. Bati hilo hilo mbele ya ufuo katika hewa ya C5, miaka 2 na kitu hadi 4 na nusu. Na bati la bei ya chini huwa na zinki pungufu ya hapo. Muuzaji akikwambia geji tu, hajakwambia kitu kuhusu kutu: geji ni unene wa chuma, si wa zinki.

Aluzinki ni chuma kilichopakwa mchanganyiko wenye alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Alama ya kutafuta ni AZ150, yaani gramu 150 kwa mita mraba. Usiseme ni chache kuliko 275. Mchanganyiko huu ni mwepesi, hivyo unene wake kila upande ni mikromita 20 hivi, sawa na Z275. Tofauti ni kwamba alumini hufanya mtandao unaochelewesha chumvi, na zinki iliyo katikati yake hulinda kingo zilizokatwa. Kwa unene ule ule, hewa ya bahari huila polepole zaidi kuliko zinki tupu. Udhaifu wake ni besi. Saruji mbichi, chokaa, na mvuke wa amonia kutoka banda la kuku au zizi la ng'ombe huiharibu upesi. Anayefuga kuku chini ya paa la aluzinki ananunua matatizo.

Alumini tupu haitoi kutu nyekundu. Baada ya miaka itafifia na kupata vidoa vidogo vyeupe, mara nyingi ni vya sura tu. Ni nyepesi pia: mita mraba moja ya unene wa milimita 0.5 ina kilo 1.35, ilhali bati la chuma la milimita 0.4 lina kilo 3.1 hivi. Gharama ni kubwa, hubonyea fundi akikanyaga vibaya, na hutanuka mara mbili ya chuma. Shiti ya mita 6, joto likipanda nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 6, na ya chuma karibu 3. Tundu la skrubu likibana, shiti itavuta mpaka ipasuke pale pale kwenye tundu, na maji yataingia. Toboa tundu pana kuliko skrubu na acha washa ya mpira izibe.

Kwa nyumba inayosikia mawimbi, sisi tungechukua alumini kama mfuko unaruhusu, au aluzinki iliyopakwa rangi kiwandani kama hauruhusu. Bati la zinki tupu tungeliacha kwa nyumba za mbali na ufuo. Nunua bila kurundika: mabati yaliyopangwa yakiwa yamelowa hupata unga mweupe kwa siku chache, kwa sababu kati ya shiti na shiti hakuna hewa ya kutosha kuigeuza hidroksidi ya zinki kuwa kabonati ngumu inayolinda. Yasimamishe kwa mshazari, weka vipande vya mbao kati yake.

Jedwali fupi la maadui

| Metali | Chumvi ya bahari | Asidi | Besi kali |
|---|---|---|---|
| Chuma tupu | huliwa haraka | huyeyuka, hutoa hidrojeni | hulindwa |
| Zinki | huliwa polepole | huyeyuka haraka | huyeyuka |
| Alumini | hustahimili, hupata vishimo | asidi kali huila, siki huila taratibu | huyeyuka haraka |
| Stenlesi 304 | madoa na vishimo | asidi ya hidrokloriki huiharibu | hustahimili |
| Stenlesi 316 | hustahimili ikioshwa | asidi ya hidrokloriki huiharibu | hustahimili |
| Shaba | hugeuka kijani | haitoi hidrojeni, oksijeni ikiwepo huliwa taratibu | amonia huila |

Tazama safu ya mwisho ya chuma na ya alumini. Kitu kile kile kinachomlinda mmoja kinamuua mwenziwe, na makosa mengi ya ujenzi huanzia hapo.

Saruji mbichi: rafiki wa nondo, adui wa dirisha

Saruji mbichi ina kipimo cha pH cha 12.5 hadi 13. Katika besi kali kiasi hicho, chuma hupata utando mwembamba unaokilinda, ndiyo sababu nondo ndani ya zege nzuri haioti kutu. Hatari inakuja kwa njia mbili. Kabonidioksidi ya hewani huingia polepole na kuigeuza chokaa kuwa kabonati, pH ikashuka chini ya 9 na utando ukapotea. Au chumvi inaingia, mara nyingi kwa mkono wa mjenzi mwenyewe: mchanga wa ufuoni, au maji ya kisima yenye chumvi. Hapo kutu huvimba ndani na kupasua zege. Ukiona mpasuko mrefu umefuata mstari wa nondo, ujue kinachosukuma kiko ndani, si mzigo ulio juu. Tumia mchanga wa mtoni au wa machimbo na maji matamu. Hata mchanga ulionunuliwa kwa lori, uonje: ukiwa na ladha ya chumvi, urudishe.

Alumini katika saruji hiyo hiyo inafanya kinyume. Oksidi yake ina tabia mbili, hukubali asidi na hukubali besi, kwa hiyo haiwi kinga. Utando unayeyuka, kisha alumini tupu inamenyuka na maji na kutoa hidrojeni. Fundi akipiga plasta baada ya fremu kuwekwa, tope likarukia na kuachwa mpaka kesho, utakuta doa jeupe lililochimbika ambalo halifutiki. Dawa ni kufunika fremu kwa nailoni kabla ya plasta. Tone likianguka, lifute kwa maji papo hapo, usingoje dakika tano. Mahali fremu inapogusana na ukuta, tenganisha kwa rangi ya lami au kwa mpira.

Kwa madirisha ya pwani, uliza unene wa kinga. Rangi ya unga iliyookwa iwe mikromita 60 hadi 80. Kama ni alumini iliyoongezewa oksidi kwa umeme, tafuta mikromita 25. Fremu inayong'aa bila kinga yoyote ni ya nyumba ya bara.

Utajuaje kama besi bado ipo? Jikoni kuna kipimo. Changanya nusu kijiko cha chai cha manjano ya unga na mililita 50 za spiriti, chovya vipande vya karatasi nyeupe, vianike kivulini. Lowesha fremu kwa maji matamu kidogo, bandika karatasi hapo. Ikibaki njano, salama. Ikigeuka nyekundu ya udongo, besi ingalipo, osha tena. Ni jambo lile lile linalotokea doa la mchuzi wenye manjano kwenye kanzu likipakwa sabuni.

Grili na geti: pesa iende wapi

Hapa watu hutupa pesa. Chaguo la kawaida ni chuma kilichopakwa rangi, na si baya kama kazi imefanywa. Katika hewa ya C5, chuma tupu hupoteza mikromita 80 hadi 200 kwa mwaka. Bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 1.2 halina pa kukimbilia kinga ikitoka, tena linaliwa kuanzia ndani, mahali brashi haifiki.

Njia ya pili ni kununua bomba lililokwisha kupakwa zinki na kulichomelea. Zinki huchemka nyuzi 907 na chuma huyeyuka karibu nyuzi 1,500, kwa hiyo kila maungio yanachomwa mpaka zinki inapaa kama moshi mweupe. Moshi huo wa oksidi ya zinki humpa fundi homa ya jioni. Na grili inabaki bila kinga pale pale ilipo dhaifu. Mkifuata njia hii, maungio yasuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi yenye vumbi la zinki nyingi, siku hiyo hiyo.

Njia ya tatu, na ndiyo tungeilipia, ni kuchomelea kwanza kisha kuchovya grili nzima katika zinki iliyoyeyuka, kama nyuzi 450. Chuma cha unene wa milimita 3 hadi 6 hutoka na zinki ya mikromita 70 hivi, mara tatu na zaidi ya bati la Z275, ndani na nje ya bomba. Mwambie fundi atoboe matundu ya kupumulia kila mwisho wa bomba kabla ya kupeleka: bomba lililozibwa likiwa na unyevu ndani linaweza kupasuka kwenye zinki ya moto.

Ukitaka kuipaka rangi grili ya zinki mpya, usitumie rangi ya mafuta moja kwa moja. Hapa kemia ya kidato cha kwanza inajirudia: rangi ya mafuta ina asidi za mafuta, misombo ya zinki iliyo juu ni besi, na asidi ikikutana na besi inatoa chumvi. Chumvi hiyo ni sabuni ya zinki, nayo hukaa kati ya rangi na metali. Baada ya miezi rangi inabanduka mapande mapande, fundi analaumiwa, kumbe ni rangi yenyewe isiyopatana na zinki. Paka kwanza rangi ya msingi inayokubali zinki.

Kwa chuma tupu, utaratibu usiruke hata hatua moja. Sugua mpaka chuma kiwe cheupe. Osha kwa maji matamu ili kuondoa chumvi, kikaushe, na upake rangi ya msingi siku hiyo hiyo, kwani kwa hewa yetu kutu hurudi kwa saa chache. Kona na kingo zipake mara moja zaidi, maana rangi huzikimbia. Ukipaka juu ya chumvi, itavuta maji kupitia rangi na kutengeneza malengelenge. Hatua ya kuosha ndiyo inayorukwa zaidi, labda kwa sababu inaonekana ni upuuzi kulowesha chuma unachotaka kukikinga.

Stenlesi: jina moja, mali tatu

Stenlesi hulindwa na oksidi ya kromiamu, inayohitaji kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Madukani kuna namba tatu. 201 imepunguziwa nikeli na kujaziwa manganizi, ni rahisi, na pwani hupata madoa ya kahawia mapema. 304 ina kromiamu 18 na nikeli 8. Ndani ya nyumba haina neno, kwenye roshani inayotazama bahari itadoa. 316 ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3 juu ya hizo, na hiyo ndiyo inayozuia kloridi kuchimba vishimo.

Sumaku haikusaidii kuzitenganisha. Zote tatu hazishikwi, au hushikwa kidogo tu mahali zilipokunjwa. Pia kung'aa hakusemi kitu, ila sehemu iliyosuguliwa laini hubeba chumvi chache kuliko yenye mistari. Kwa reli za ngazi za nje, 316 iliyosuguliwa, ioshwe kwa maji matamu mara moja kwa mwezi. Kama bei ya 316 haifikiki, afadhali chuma kilichochovywa zinki kuliko 201.

Skrubu ndogo inavyoliua shiti kubwa

Metali mbili zikigusana na maji ya chumvi yakiziunganisha, kwa kawaida iliyo juu katika orodha huliwa haraka zaidi na iliyo chini inapona. Shuleni mnaweza kuliona kwa siku nne. Chukueni mitungi mitatu ya kioo, kila mmoja maji lita moja na chumvi gramu 35, kama vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa. Wa kwanza tieni msumari mtupu, wa pili msumari uliozungushiwa waya wa shaba, wa tatu msumari uliofungwa ukanda wa zinki. Misumari isuguliwe kwa msasa kwanza, la sivyo mafuta ya kiwandani yataharibu jaribio. Wenye shaba utatangulia kuota kutu, wenye zinki utabaki safi huku zinki ikitoa unga mweupe.

Kwenye paa, ukubwa wa eneo ndio unaoamua. Skrubu ndogo ya chuma katika shiti kubwa la stenlesi au shaba huliwa upesi mno, kwa sababu kipande kidogo kinalipa deni la eneo kubwa. Skrubu ndogo ya stenlesi katika shiti kubwa la alumini hustahimilika, kwani alumini ni nyingi na madhara yanatawanyika, ila weka washa ya mpira ili zisigusane uso kwa uso. Shiti la alumini lisipigwe misumari ya zinki ya kawaida: zinki ya msumari ikiisha, chuma kilichobaki kinavuja kutu na kuichimba alumini pembeni mwake.

Shaba usiiweke juu ya zinki wala alumini, hata zisipogusana. Maji yanayotiririka kutoka bomba la shaba hubeba ayoni za shaba. Zikitua kwenye bati, zinki inayeyuka kuchukua nafasi yake na chembe za shaba zinabaki hapo hapo kama betri ndogo. Ndivyo maji ya kiyoyozi yanavyotoboa gata. Kiyoyozi chenyewe ni shaba na alumini zilizobanwa pamoja: mapezi yanayogeuka unga mweupe nyuma ya mashine si ajabu. Nunua yenye mapezi yaliyopakwa kinga na uyaoshe kwa maji matamu.

Mabomba ya maji hayahitaji mjadala. Kwa maji ya kisima cha chumvi, plastiki.

Kuhakikisha ulichouziwa

Mrututu, yale mawe ya buluu, hutenganisha metali kwa dakika moja. Yeyusha gramu 5 katika mililita 100 za maji, kwenye chombo cha kioo au plastiki kisichorudi jikoni, na uvae glavu, ni sumu. Safisha mafuta kwa sabuni, kausha, dondosha tone moja.

Chuma tupu hupata rangi nyekundu ya shaba kwa sekunde chache. Zinki hugeuka nyeusi, unga unaofutika. Msumari uliouziwa kuwa wa zinki ukiwa mwekundu papo hapo, ni chuma kilichong'arishwa tu. Stenlesi haifanyi chochote. Alumini nayo karibu haifanyi chochote, lakini ongeza punje chache za chumvi ya mezani juu ya tone: povu, joto, shaba inaruka nje. Hakuna jaribio linaloeleza vizuri zaidi kwa nini hewa ya bahari ni hewa nyingine. Metali ni ile ile na mrututu ni ule ule, kloridi imefungua mlango.

Mabaki usiyamwage mferejini kuelekea bahari, mrututu huua samaki. Tia magadi kidogo kidogo mpaka maji yapoteze ubuluu na tope la kijani litulie chini, chuja kwa kitambaa, tope likauke na litupwe limefungwa.

Kuondoa madoa bila kuharibu ulichonunua

Kutu ndogo kwenye vifaa vya chuma hutoka kwa siki ya asilimia 5, usiku mmoja, kisha osha na upake mafuta mara moja. Ndimu inafanya kazi ile ile. Kwa stenlesi yenye madoa ya kahawia, maji ya ndimu na kitambaa, kamwe si steelwuli, kwa sababu nyuzi za chuma zinazobaki huota kutu na kuanzisha vishimo vipya.

Balaa kubwa ni asidi ya kusafishia vigae, yaani hidrokloriki. Nyumba imekwisha, fundi anamwaga asidi kuondoa saruji sakafuni, na mvuke unapanda kwenye bawaba, fremu na bomba za stenlesi. Asubuhi kila kitu kina madoa. Ukilazimika kuitumia, iwe kabla ya madirisha na bawaba kufungwa, milango wazi, asidi imwagwe ndani ya maji na si maji ndani ya asidi. Isikutane na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, zikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Chupa isihifadhiwe stoo moja na zana.

Ikirukia fremu, nyunyiza magadi soda mpaka povu likome. Lita moja ya asidi ya asilimia 10 inahitaji kama gramu 240. Lakini usiishie hapo, kwa sababu asidi ya hidrokloriki na magadi soda hutoa maji, kabonidioksidi na chumvi ya mezani. Umeondoa asidi, umeacha kloridi juu ya alumini. Suuza mara mbili tatu, na maji yawe ya bomba, si ya kisima.